Siku Moja Mombasa, Tukianzia Majini

Wajukuu zangu, anayetaka kuujua mji wa bandari haanzi na barabara zake. Huanza na maji. Mombasa ni kisiwa, na wageni wake wa zamani, wawe wa Oman, wa Bara Hindi au wa Ureno, wote waliuona kwanza kutoka baharini: mlango wa maji kati ya miamba, kisha nyumba za mawe zimejipanga ukingoni. Sisi siku hizi tunauingia kwa nyuma, kwa matatu au kwa treni, ndipo tunapotea vichochoroni na kusema mji huu hauna mpango. Mpango upo. Umeelekea baharini tu.

Leo nitawatembeza humo kutwa nzima. Chukueni kofia, maji ya kunywa, daftari na kalamu. Na kila tutakaposimama, ulizeni swali hili: hiki kilifikaje hapa?

Jibu la kwanza ni upepo. Tangu Disemba hadi Machi pwani yetu huvumiwa na kaskazi, upepo utokao upande wa Arabuni na Bara Hindi. Ikifika Aprili hugeuka ukawa kusi, ukavisukuma vyombo kurudi vilikotoka. Nahodha wa jahazi alikuja na huu akarudi na ule, wala hakuwa na namna ya kuuharakisha mwaka. Aliyemaliza kuuza tende zake mwezi wa Januari alilazimika kukaa mpaka kusi ianze. Miezi hiyo ya kungoja si mchezo. Mtu hupanga nyumba, hujifunza lugha, husali pamoja na wenyeji, na mwingine huoa asirudi tena kwao. Watoto wake wakazaliwa watu wa Mombasa. Mkilielewa hilo, nusu ya mji mmeshaielewa.

Haya, twende. Tuseme mnatoka upande wa Malindi au Kilifi. Kabla ya kuvuka daraja la Nyali mtapita mahali panapoitwa Kengeleni, na magari hukimbia hapo hata wengi hawaioni kengele yenyewe, nayo ipo kando ya barabara. Shukeni muitazame. Hapa ni Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kiingereza mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Kengele iliwaita watu kwenye sala, na wazee husimulia kwamba iliwaonya pia wakati wakamataji watumwa walipokaribia.

Mmoja wa watu wa jamii hiyo aliitwa Matthew Wellington. Alizaliwa Myao, kusini, mbali na hapa, akakamatwa na kuuzwa angali mtoto. Manowari ya Kiingereza ikamwokoa baharini, naye akapelekwa Bara Hindi, akasomeshwa huko Nasik. Mwaka 1873 David Livingstone alipofariki bara, Wellington alikuwa miongoni mwa vijana walioubeba mwili wake kwa miguu mpaka pwani, safari ya miezi mingi. Aliishi hadi uzeeni, akafariki mwaka 1935. Mwekeni moyoni mtoto huyu, maana ndani ya Ngome ya Yesu, kituo chetu kijacho, mtakutana na mwingine aliyevushwa bahari ile ile, zaidi ya miaka mia mbili kabla yake.

Mkiwa juu ya daraja mkielekea kisiwani, angalieni kushoto. Ule ukingo wenye nyumba zilizobanana na misikiti ndio Mji wa Kale. Maji yale mbele yake ndiyo bandari ya zamani. Sasa mmeuona mji kwa upande wake wa mbele.

Msiingie ngomeni na njaa. Tafuteni mahamri na mbaazi za nazi, zile nzito zenye tui zito, na chai ya rangi yenye tangawizi. Wanaouza asubuhi huwa na haraka, kwa hiyo amkieni kwanza, shikamoo iwatangulie, ndipo muagize.

Ngome ya Yesu, ambayo wengi huiita Fort Jesus, ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596. Aliyeichora ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa akiwachorea Wareno majengo yao huko Bara Hindi. Ukiitazama kutoka angani ina umbo la mtu aliyelala chali, kichwa kimeelekea baharini. Nataka mzikague kona zake. Kila pembe imetokeza nje, na kila pembe ina buruji. Sababu yake ni hii: ukuta ulionyooka tu humficha adui akishafika chini yake, kwa kuwa askari aliye juu hamwoni tena. Buruji likitokeza, askari wa pembe hii humwona adui aliye chini ya ukuta wa pembe ile na kumpiga kwa ubavu. Simameni kwenye buruji moja mjaribu wenyewe: mtaona hakuna mahali pa kujificha.

Ukuta wenyewe ni mawe ya matumbawe, juu ya jabali la matumbawe. Yaani ngome ni bahari iliyogeuzwa jiwe. Gusa taratibu utahisi vijitundu vya viumbe wadogo sana walioishi majini kale.

Ngome hii haikukaa na bwana mmoja. Kati ya 1631 na 1875 ilibadilisha wenyewe mara tisa, na sitawasimulia zote. Wataalamu wa makumbusho watawasimulia. Mimi nataka mjue mbili.

Ya kwanza ni ya mtoto niliyewaahidi. Aliitwa Yusuf bin Hassan, mwana wa mfalme wa Mombasa. Baba yake aligombana na Wareno akauawa mwaka 1614. Wareno wakamchukua yule mtoto wakamvusha hadi Goa, Bara Hindi, akalelewa na mapadri, akabatizwa, akapewa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Alipokuwa mtu mzima wakamrudisha awe mfalme wa kuwatii. Mwaka 1631 akaingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni wa Wareno na kuwaua wengi wengine mjini, akarejea katika Uislamu na jina lake la kwanza. Wareno walikuja na jeshi kumtoa wakashindwa. Baadaye aliondoka mwenyewe kwa meli, akamalizia maisha yake baharini akiwashambulia. Waandishi wa Kireno walimwita msaliti. Mimi nikisoma habari zake humwona kwanza yule mtoto aliyepakiwa melini baada ya baba yake kuuawa. Damu iliyomwagika mwaka ule ilikuwa nyingi, na miongoni mwa waliokufa walikuwemo wanawake na watoto wasio na kosa. Nyote mna umri wa kutosha kuyabeba mambo hayo mawili kwa pamoja.

Ya pili ni mazingiwa makuu. Mwezi wa Machi 1696 Waomani waliizingira ngome, na haikuanguka mpaka Disemba 1698. Fikirini: karibu miaka mitatu watu wako ndani, chakula chao ni kile kinachofika kwa mashua, ikifika. Maradhi yakawamaliza Wareno kuliko risasi. Mwezi wa Agosti 1697 kapteni wao wa mwisho wa wakati huo alifariki, na aliyebaki kuilinda ngome hakuwa Mreno. Alikuwa Mswahili, Bwana Daudi wa Faza, pamoja na jamaa zake kumi na saba, wanaume wanane wa Kiafrika na wanawake hamsini wa Kiafrika. Hesabuni wenyewe: wengi wa walinzi wa ngome hiyo walikuwa wanawake. Majina yao hayakuandikwa. Walishikilia mpaka msaada ukafika mwezi wa Septemba.

Meli mojawapo ya msaada huo, Santo António de Tanna, ilizama mwezi uliofuata hapo hapo chini ya ngome. Ililala matopeni karibu miaka mia tatu, mpaka wapiga mbizi na wanaakiolojia walipoichimbua kuanzia mwaka 1977. Mizinga, magudulia na vyombo vya kaure vilivyotolewa humo vimo ndani ya makumbusho. Vitazameni kwa makini. Vile vyombo vya kaure vilitoka Uchina na vilisafiri mbali kuliko sisi sote.

Msitoke kabla ya kuona michoro ya ukutani iliyochorwa na askari wa Kireno. Walichora meli, samaki, watu na makanisa. Hakuna aliyewaamuru kuchora. Walikuwa mbali na kwao, zamu ilikuwa ndefu, na walichora kile walichokitamani. Katika chumba kingine mtaona maandishi ya Kiarabu yaliyonakshiwa kwenye boriti, kazi ya wakati ukoo wa Mazrui ulipotawala Mombasa. Kisha kuna vyumba vya gereza, kwa sababu Waingereza waliifanya ngome kuwa jela tangu 1895 hadi 1958. Humo sina la kuwaambia. Ingieni, simameni kidogo, mtoke. Mwaka 1962 ikafunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza katika Urithi wa Dunia.

Hapo nje kuna mizinga miwili ambayo watu huipanda kupigia picha bila kuuliza habari zake. Mmoja ulikuwa wa manowari ya Kiingereza, Pegasus. Mwingine wa manowari ya Kijerumani, Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliizamisha Pegasus bandarini Unguja. Kisha yenyewe ikajificha katika delta ya mto Rufiji, na Waingereza wakaiangamiza huko Julai 1915. Mizinga ya meli zote mbili iliopolewa, ikatumika vitani nchi kavu, na leo imesimama jirani kwa jirani.

Kufikia hapo jua litakuwa kali. Ni wakati wa vichochoro, maana vichochoro vya Mji wa Kale vilifanywa vyembamba ili nyumba zitiliane kivuli na upepo wa baharini upite kati yake kwa nguvu. Fuateni Barabara ya Mbarak Hinawy kutoka ngomeni. Hapa ni majumbani kwa watu, si maonyesho. Toeni salamu, msichungulie milangoni, na msimpige mtu picha bila idhini. Mtu akiwakaribisha barazani, kaeni. Wazee wa barazani wanajua mambo ambayo hayamo kitabuni.

Kuta za nyumba hizi ni matumbawe tena, na chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa tanurini juu ya magogo. Dari imeshikwa na boriti za mikoko. Sasa hapa pana jambo zuri: mti wa mkoko hautoi boriti ndefu yenye nguvu, kwa hiyo vyumba vya zamani havina upana mkubwa, mara nyingi hatua tatu au nne tu. Mti wa majini ndio uliokata kipimo cha chumba cha kulala. Na boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni, kusiko na miti, zikajenga nyumba za huko kwa kipimo hicho hicho. Roshani za mbao na milango ya nakshi ni habari nyingine. Nyingi ni kazi ya mikono ya mafundi wa Kiswahili na wa Kihindi. Chagueni mlango mmoja tu muuchore kwenye daftari. Kuchora hufunza jicho kuliko kupiga picha mia.

Mtaufikia msikiti wa Mandhry, wenye mnara mweupe unaochongoka kuelekea juu, ulioanza mwaka 1570. Karibu yake pana kisima. Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alilala Mombasa usiku mmoja. Aliandika kwamba misikiti ilikuwa ya mbao iliyojengwa vizuri, kwamba penye milango yake palikuwa na visima vifupi, na kwamba kila anayeingia huosha miguu kwanza. Aliwasifu watu wake kwa uchaji na uaminifu, akaeleza kuwa chakula chao ni ndizi na samaki. Misikiti ya mbao haipo tena, lakini desturi ya kisima na miguu mnaiona kwa macho yenu.

Sogeeni mpaka ukingoni, Bandari ya Kale. Zamani, siku za kaskazi, palijaa majahazi hata mtu huvuka kutoka chombo hadi chombo. Yalishusha tende, papa mkavu, mazulia na makasha. Yakapakia boriti, nafaka na pembe za ndovu. Yalipakia na watu pia, na hilo tumelianza Kengeleni. Leo vyombo ni vichache, lakini mkibahatika mtakuta kimoja kikishusha mzigo.

Ilikuwa nje kidogo ya maji haya, Aprili 1498, Vasco da Gama alipotia nanga. Wenyeji hawakumwamini, naye hakuwaamini. Usiku watu waliogelea kimya hadi kwenye meli zake na kujaribu kukata kamba za nanga. Akang'oa nanga akaenda Malindi, na huko ndiko alikopata rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi.

Karibu na hapo ziko ngazi za Leven. Mwaka 1824 Wamazrui waliotawala Mombasa waliogopa kumezwa na Seyyid Said wa Oman. Meli ya Kiingereza Leven, ya nahodha William Owen, ilipofika, wakaomba ulinzi, na bendera ya Uingereza ikapandishwa hata kabla serikali yake haijaamua. Mwaka 1826 ikateremshwa. Lakini mimi sisimami hapo kwa ajili ya bendera. Nasimama kwa sababu ya kisima cha maji baridi kilichochongwa ndani ya mwamba, hatua chache tu kutoka maji ya chumvi. Mabaharia waliokaa wiki nzima baharini hawakutafuta dhahabu kwanza. Walitafuta maji ya kunywa. Mji wenye ngome imara lakini usio na kisima hauwezi kuwa bandari.

Sasa kuleni. Wengine watapenda biriani, wengine wali wa nazi na samaki wa kupaka. Baada ya hapo zungukeni soko la Marikiti, muone magunia ya iliki, mdalasini, binzari na karafuu, na muonje achari ya embe kama ndimi zenu zinahimili. Lile swali letu halikai kimya sokoni. Nazi na ndizi asili yake ni kusini mashariki mwa Asia. Mihogo, mahindi na pilipili hoho vilitoka Amerika na vilifika kwetu katika zama za meli za Wareno. Watu wa Mombasa waliochukia mizinga ya Wareno waliupokea muhogo wao wakaupika kwa tui.

Pembe kubwa za Moi Avenue mtapita chini yake mkielekea upande wa pili. Ziliwekwa miaka ya 1950, ni za alumini, wala hazihusiani na ndovu yeyote. Pigeni picha moja, muendelee.

Alasiri ikipungua makali, nendeni Mama Ngina, ukingo wa kusini wa kisiwa, penye mibuyu mikubwa. Nunueni muhogo wa kuchoma uliotiwa pilipili na ndimu, na dafu. Kachri, mabuyu na viazi karai vipo pia. Fedha zilizobaki mfukoni ndizo zitakazoamua. Kisha kaeni mkabili maji, kwa sababu hapa ndipo meli kubwa zinapoingilia Kilindini. Kina cha bandari ya zamani hakikuzitosha meli za chuma. Reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896 ilihitaji gati za kushushia vyuma vyake, na kazi ya mji ikahamia upande huu. Makontena mnayoyaona yamepangwa sitahani, mengine hayatabaki Kenya. Yanakwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Congo.

Meli hupita karibu hata mkaweza kuisoma. Andikeni jina lake, na jina la bandari lililoandikwa nyuma chini ya jina hilo. Mtakuta Monrovia, au Panama, au Majuro, hata kama meli haijawahi kufika huko, kwa kuwa wenye meli huziandikisha katika nchi ambazo ada zake ni nafuu. Mkirudi nyumbani, zitafuteni bandari hizo kwenye ramani.

Na tazameni mashua ndogo inayokwenda kuilaki meli nje ya mwamba. Imembeba rubani wa Mombasa. Hukaribia ubavuni mwa meli, ngazi ya kamba ikateremshwa, naye akapanda mawimbi yakiwa chini yake. Meli ya kigeni hairuhusiwi kuupita mlango huu bila mtu anayeijua miamba yake, mikondo yake, na saa za maji kujaa na kupwa. Nahodha wa meli ile huenda ni Mgiriki, huenda ni Mfilipino, na meli yake ni ya mamilioni ya dola. Rubani akishafika juu na kusimama karibu na usukani, nahodha hugeuza pale anapoambiwa ageuze.